Atashinda, Huenda Akashinda, Angalishinda: Kutabiri Mbio za Baiskeli za Siku Moja

Mwaka 2025, kwa mara ya kwanza tangu yaanzishwe, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Afrika. Yalifanyika Kigali, kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba, safari ya saa chache kwa basi kutoka hapa Goma. Wapo rafiki zangu waliokataa kabisa kuyatazama, kwa kuwa ni mwaka ule ule mji wetu ulipotekwa, na sababu zao hazihitaji kufafanuliwa katika jarida hili. Wengine walitazama kwa simu, wanne wakibanana mbele ya kioo kimoja, wakabishana. Mimi nilikuwa kati ya hao wa pili. Makala hii imetokana na mabishano hayo, hasa jambo moja lililotushangaza sote. Tarehe 28, katika mbio za wanaume, karibu kila mmoja wetu alikuwa amemtaja mshindi tangu wiki iliyotangulia. Tarehe 27, katika mbio za wanawake, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulisikia jina la mshindi. Mji ulikuwa uleule, vilima vilevile, hewa ileile. Sasa utabiri ni elimu au ni bahati?

Swali hili lina gharama yake. Vijana wa mitaa yetu, kuanzia Birere hadi Katindo, wamezoea kuweka pesa juu ya mpira wa miguu, na mazoea hayo yanahamia kwa urahisi katika michezo mingine. Mwenzetu mmoja aliwekeana dau na jirani yake juu ya jina moja tu katika mbio za wanawake, akatumia pesa ya silabusi, akaipoteza. Hadi wakati wa mtihani alikuwa anasomea silabusi za watu. Yeye husema alionewa na bahati. Nadhani bahati inasingiziwa mambo mengi ambayo yangeweza kuelezwa.

Kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, katika mabishano yale nilianza kusikiliza vitenzi kuliko majina. Kabla ya mbio, wengi walitumia -ta-: “Atashinda.” Wachache, wale wanaozijua kweli mbio hizi, walianza na hu-: “Kwenye mlima wa aina hii mtu mwepesi hushinda.” Baada ya mbio, wote bila kubagua walihamia -ngali- na -ngeli-: “Angalishinda kama baiskeli isingaliharibika.” Sarufi ya shule inatuambia kwamba -nge- ni kwa jambo ambalo bado lingewezekana, na -ngali- kwa jambo ambalo mlango wake umeshafungwa. Mazungumzoni tunazichanganya, hapa Goma na kwingineko. Lakini kwa mtabiri tofauti ya nyakati hizi ni kazi yenyewe. Hu- ni elimu ya njia na ya miili. -Ta- ni ujasiri, na mara nyingi ni ujasiri usiolipiwa kodi. -Ngali- ni kesi inayosikilizwa baada ya hukumu. Nitazifuata moja moja, ingawa hazitakaa kwa utulivu kila moja mahali pake.

Kwanza tuelewane juu ya mchezo wenyewe. Tour de France, ambayo wengi wanaijua, huchukua wiki tatu, na aliyepoteza dakika leo anaweza kuzirudisha kesho. Mbio za siku moja hazina kesho. Watu huanza asubuhi, hupanda baiskeli saa sita au saba, na anayefika mstarini wa kwanza ndiye mshindi. Mbio hizi huheshimiwa zaidi mwezi wa Machi na Aprili, majira ya kuchipua huko Ulaya, wakati sisi tunachota maji ya mvua: Milano–San Remo nchini Italia, Ronde van Vlaanderen katika eneo la Flandria, Paris–Roubaix kaskazini mwa Ufaransa, Liège–Bastogne–Liège katika vilima vya Ardennes. Nusu ya majina haya ni ya Ubelgiji, nchi ambayo wazee wetu waliifahamu kwa mambo mengine.

Siri ya kwanza ya mchezo huu ni hewa. Mtu anayekwenda kilomita 40 kwa saa kwenye tambarare hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kusukuma hewa iliyo mbele yake. Tena hewa haidai kwa haki: ukiongeza mwendo mara 2, nguvu unazotakiwa kutoa ili kuishinda huongezeka mara 8. Anayekaa nyuma ya gurudumu la mwenzake huokoa robo hadi theluthi ya jasho hilo, na aliye katikati ya kundi kubwa huokoa zaidi. Ndiyo maana kundi la watu 100 linaweza kumkamata mtu mmoja mwenye nguvu kuliko kila mmoja wao. Na ndiyo maana aliyeongoza kilomita nyingi hushindwa mara nyingi na mtu aliyejificha mgongoni mwake tangu asubuhi.

Wafaransa wana lugha nzima kwa ajili ya mambo haya. Kundi kuu ni pelotoni. Waliotoka mbele ni “waliotoroka”. Anayejificha nyuma bila kusaidia kuongoza anaambiwa kwamba ananyonya gurudumu, na ni tusi. Kiswahili cha mpira wa miguu kimeshakomaa redioni, lakini cha baiskeli bado kichanga, na watangazaji wengi hukimbilia Kifaransa kila mbio zinapochanganya. Sioni haja hiyo. Tunalo neno kudandia. Mtoto anayening'inia nyuma ya lori linalopanda polepole anadandia: anapata mwendo bila kulipa mafuta. Mdandiaji wa baiskeli ni yuleyule. Kundi kuu linatosha kuitwa kundi kuu, na waliotoroka ni watoro. Kwa yule anayejichosha ili kiongozi wa timu yake ashinde, Wafaransa husema “mtumishi wa nyumbani”, neno lililoanza kama dharau na sasa ni cheo. Hapo mimi ningependelea utingo, kama Watanzania wanavyomwita msaidizi wa dereva wa lori: hashiki usukani, lakini bila yeye mzigo haufiki.

Siri ya pili ni uzito, na hapa mtu wa Goma hahitaji mwalimu kutoka Ulaya. Mtazame mwenye chukudu anayeshuka kutoka Kibumba na magunia ya kabeji au makaa. Chombo chake ni mbao, magurudumu yake madogo, hakina pedali, na breki ni kipande cha mpira kinachokandamizwa na mguu. Anaposhuka, uzito ni rafiki yake: mzigo unamvuta, na kazi yake ni kuuzuia tu. Anaporudi kupanda, hata chukudu tupu ni adui. Mbio za baiskeli zina sheria hiyohiyo. Kwenye tambarare mtu mzito mwenye misuli mikubwa hushinda, kwa sababu hewa haijali sana kilo zake. Kwenye mlima mrefu mwendo unashuka, hewa inapoteza nguvu yake ya kuzuia, mvuto wa ardhi unachukua usukani, na linalobaki kuhesabiwa ni nguvu ulizo nazo kwa kila kilo ya mwili wako. Kudandia hakusaidii tena. Kila mtu anabeba mzigo wake mwenyewe.

Basi anayetaka kutabiri asianze na majina. Aanze na ramani. Aulize: mlima wa mwisho una urefu gani, na uko umbali gani kutoka mstarini? Ukiwa mrefu na karibu, majina yanayowezekana hayazidi matano. Ukiwa mfupi na mbali, andika majina 40 kisha ukalale.

Turudi Kigali. Mzunguko wa mjini ulikuwa na kilomita 15 hivi, na kila mzunguko ulikuwa na vilima viwili: mmoja karibu na uwanja wa gofu, wa mita 800, na mwingine wa Kimihurura, wenye mawe, uliozidi kilomita 1. Wanaume waliongezewa kipande kingine: walitolewa nje ya mzunguko kwenda kupanda Mont Kigali, karibu kilomita 6 za mwinamo wa karibu asilimia 7, halafu ukuta mfupi wa mawe ambao mashabiki wa Tour du Rwanda wanaujua vizuri. Jumla yao ilikuwa kilomita 267.5 na zaidi ya mita 5,000 za kupanda, katika mji ulio juu, ambako hewa ni nyembamba kuliko ile waliyoizoea watu wa Flandria. Sisi tunaishi katika mwinuko wa karibu mita 1,500 na hatuujali, lakini mapafu ya mtu wa pwani ya Bahari ya Kaskazini yanaujali sana.

Njia kama hiyo huwachuja watu. Hiyo ndiyo hu- yetu. Walianza 165, wakamaliza 30 tu. Njia inapochuja hivyo, wajanja, wadandiaji na utingo hutoka mapema, na mwenye nguvu zaidi hubaki. Mwenye nguvu zaidi mwaka ule alijulikana: Tadej Pogačar wa Slovenia. Zilipobaki kilomita 104 alishambulia Mont Kigali, akafuatwa na Juan Ayuso wa Hispania na Isaac del Toro wa Mexico, ambao msimu mzima walikuwa wenzake wa timu moja ingawa siku ile kila mmoja alivaa rangi za nchi yake. Ayuso akaachwa, del Toro akaachwa, na kilomita 60 na zaidi za mwisho Pogačar alizimaliza peke yake. Wengine walisema ni wazimu kushambulia mbali vile. Lakini alikuwa amefanya jambo lilelile Zurich mwaka 2024, umbali karibu huohuo, na akashinda. Aliyeyakumbuka ya Zurich hakutabiri. Alisoma tu.

Wanawake walikuwa na kilomita 164 na mzunguko wa mjini peke yake, bila Mont Kigali. Vilima vyao vilikuwa vigumu lakini vifupi, na vilirudiwa. Vilichosha bila kuchuja kabisa. Hapo ndipo penye tofauti yote. Waliotajwa sana walikuwa Demi Vollering wa Uholanzi na Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa, ambaye mwaka huohuo alikuwa ameshinda Paris–Roubaix na Tour de France ya wanawake. Kila mmoja alijua kwamba akimkimbiza mtoro fulani, mwenzake atadandia, atapumzika, kisha atamshinda mwishoni. Kwa hiyo hakuna aliyetaka kulipa gharama ya kukimbiza. Walitazamana. Mbele yao kundi dogo la watu ambao hakuna aliyewahofia likazidi kwenda. Mzunguko wa mwisho, kwenye mawe ya Kimihurura, Magdeleine Vallieres wa Kanada, mwenye umri wa miaka 24, akawaacha wenzake na kufika peke yake. Niamh Fisher-Black wa New Zealand alikuwa wa pili, Mavi García wa Hispania wa tatu. Hakuna Mkanada mwingine aliyewahi kushinda taji hilo la watu wazima.

Wazee wetu walishaliona jambo hilo kabla ya baiskeli kuzaliwa: vita vya panzi, furaha ya kunguru. Lakini tusidhani kwamba Vallieres aliokota ushindi njiani. Kuokota nako kunataka uwe mbele wakati wenye majina wanatazamana, na uwe na miguu ya kuwaacha wenzako wa kundi dogo. Mwenzetu wa silabusi alikuwa ameweka pesa juu ya Vollering. Kuhusu miguu ya Vollering hakukosea. Ila hakuiuliza njia kama itamruhusu kuitumia.

Hapa mwalimu wetu mmoja wa isimu, ambaye hana habari na michezo lakini anapenda mabishano, alituuliza swali zuri: kama tatizo ni kwamba hakuna anayetaka kukimbiza kwa manufaa ya mwingine, si timu yenye watu wengi mbele ingelimaliza mara moja? Kwa nadharia, ndiyo. Tuseme wako wanne mbele, watatu wa timu moja na mmoja mgeni. Wa kwanza wa wale watatu anashambulia. Mgeni analazimika kumkimbiza, na wawili waliobaki wanadandia nyuma yake bila kutoa jasho. Akimfikia, wa pili anashambulia. Akimfikia huyo, wa tatu. Mgeni hawezi kulipa mara tatu deni ambalo wenzake wanalipa mara moja.

Tarehe 2 Aprili 2025, katika mbio za Dwars door Vlaanderen nchini Ubelgiji, hali hiyo ilitokea hivyohivyo. Mbele walikuwa Wout van Aert, Matteo Jorgenson na Tiesj Benoot, wote wa timu ya Visma, pamoja na Mmarekani mmoja, Neilson Powless. Watatu kwa mmoja, na van Aert ndiye aliyesifika kwa mbio fupi za mwisho. Wakaamua kutomshambulia Powless kwa zamu. Waliongoza wao, wakambeba hadi mstarini, wakingoja van Aert amalize kazi. Powless akadandia, akapumzika, akamshinda van Aert kwenye mita za mwisho. Baadaye van Aert alikubali hadharani kwamba uamuzi huo ulikuwa wake, kwa kuwa alitamani mno kushinda yeye mwenyewe.

Nimewasikia wengi wakisema watu wale walikuwa wajinga. Mimi sikubaliani. Mpango wa kushambulia kwa zamu unahitaji mtu akubali kwamba huenda atakayeshinda ni mwenzake. Kwenye karatasi, watatu wa Visma walikuwa kitu kimoja. Barabarani walikuwa watu watatu, na mmoja wao alikuwa na njaa. Mtabiri anayehesabu vichwa vya timu bila kuuliza nani ana njaa anahesabu nusu. Sijui kanuni ya hesabu inayoweza kuingiza jambo hilo, na sidhani ipo.

Sasa tuseme pesa, maana ndiko tulikoanzia. Mpira wa miguu una matokeo matatu: kushinda, kushindwa, sare. Mbio za baiskeli zina mshindi mmoja kati ya watu 150 au zaidi. Hata mpandaji bora kuliko wote wa kizazi chake hawezi kufanywa jambo la hakika. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 2025, Pogačar alipanda mbio saba kubwa za siku moja. Alishinda Strade Bianche licha ya kuanguka, akashinda Ronde van Vlaanderen, La Flèche Wallonne na Liège–Bastogne–Liège. Milano–San Remo alikuwa wa tatu. Paris–Roubaix alikuwa wa pili, baada ya kuanguka akiwa anapambana na Mathieu van der Poel. Amstel Gold Race alikuwa wa pili, akizidiwa mstarini na Mattias Skjelmose wa Denmark, mtu ambaye wachache walimtaja. Ushindi mara 4 kati ya 7 ni jambo ambalo watu watasimuliana miaka mingi. Lakini chukua kalamu. Tuseme kila mara uliweka faranga 1,000 juu yake, na kwa kuwa kila mtu anamjua, anayepokea dau anakulipa 1,500 tu akishinda. Umetoa 7,000, umepokea 6,000. Ulikuwa sahihi mara nyingi kuliko ulivyokosea, na bado umepoteza 1,000. Kwa hiyo kumjua mtu atakayeshinda hakutoshi. Inabidi ujue jambo ambalo anayepokea dau halijui, na kwa jina linalotajwa na dunia nzima jambo hilo halipo.

Ndiyo maana napenda umbo la huenda na -ka-: “Huenda akashinda.” Watu hulidharau, wanaliona la mwoga. Mimi naliona la mtu anayehesabu. “Atashinda” ya mbio saba zile ni uongo mara tatu. “Huenda akashinda, kwa kadiri ya mara nne kati ya saba” ni kweli tangu Machi hadi Aprili.

Mabishano ya -ngali- ndiyo marefu kuliko yote, kwa sababu hakuna mstari wa kuyamaliza. Baada ya mbio za wanaume za Kigali, Wabelgiji, pamoja na nusu ya chumba chetu, walidai kwamba Remco Evenepoel angalishinda kama si baiskeli. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Wiki moja kabla, tarehe 21, katika mbio za kupambana na saa, ambapo kila mtu huondoka peke yake, Evenepoel alikuwa ameshinda na hata kumpita njiani Pogačar, aliyeondoka dakika mbili na nusu kabla yake. Tarehe 28 alilazimika kubadilisha baiskeli mara mbili, akapoteza muda, na bado akamaliza wa pili, dakika 1 na sekunde 28 nyuma. Mwenye kupenda -ngali- alikuwa na kila sababu ya kuitumia.

Kwa kawaida kesi ya namna hiyo haina ushahidi mwingine, kwa kuwa jana haiwezi kurudiwa. Safari hii ushahidi ulipatikana. Tarehe 5 Oktoba, katika mbio za ubingwa wa Ulaya nchini Ufaransa, wawili hawa walikutana tena. Pogačar alikuwa wa kwanza, Evenepoel wa pili. Tarehe 11 Oktoba, katika Il Lombardia nchini Italia, Pogačar wa kwanza kwa mwaka wa tano mfululizo, Evenepoel wa pili. Baiskeli hazikuwa kisingizio tena. Hayo hayathibitishi kilichotokea Kigali, lakini yanapunguza uzito wa ile -ngali-. Mbio za kupambana na saa hupima nguvu dhidi ya hewa, bila mtu wa kukushtukiza. Mlima mrefu hupima uwezo wa kupasua kundi kwa ghafla, na tena, na tena. Ni mitihani miwili tofauti, na aliyefaulu mmoja hajafaulu mwingine. Rafiki yangu aliyemtetea Evenepoel kwa nguvu zote alihama kimyakimya kutoka “angalishinda” hadi “angalikaribia”. Nikamwachia hapo.

Limebaki jambo linaloniuma zaidi, nalo ni majina ambayo watabiri hawayataji. Tarehe 27 Machi 2022, katika Gent–Wevelgem, mbio za karibu kilomita 249 zenye kilima cha mawe cha Kemmelberg, watoro wanne walifika Wevelgem wakiwa mbele ya kundi kuu: Christophe Laporte, Dries Van Gestel, Jasper Stuyven, na kijana wa Eritrea, Biniam Girmay. Girmay alianza mbio za mwisho mapema kuliko wenzake walivyotegemea, zikiwa zimebaki takriban mita 250, na hakuna aliyemfikia. Akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda mbio kubwa za aina hiyo. Magazeti yakaandika kwamba dunia imeshangaa. Lakini siku mbili tu kabla, katika mbio za E3 kwenye barabara za aina hiyohiyo, Girmay alikuwa wa tano. Na mwezi wa Septemba 2021 alikuwa wa pili katika mashindano ya dunia ya vijana wasiozidi miaka 23, huko Leuven, Ubelgiji. Ushahidi wa hu- ulikuwepo wazi mezani. Waliokosa kumtaja walishindwa kwa sababu walitabiri kwa mazoea ya majina, wala si kwa sababu mbio hazitabiriki. Hata timu yake ilikuwa imepanga arudi nyumbani kabla ya siku ile, ikabadili mpango dakika za mwisho.

Mwaka 2025 jambo hilo lilijirudia kwa mwanamke. Tarehe 27 Aprili, Kim Le Court wa Mauritius alishinda Liège–Bastogne–Liège, akiwashinda mstarini Puck Pieterse, Vollering na Cédrine Kerbaol. Niliuliza chumba kizima ni nani aliyemtaja. Hakuna. Niliuliza ni nani aliyewahi kuisikia Mauritius ikitajwa kuhusu baiskeli. Mmoja, kwa shaka. Na sisi ni Waafrika. Mtabiri wa Ulaya akimsahau Mwafrika, tunasema ni ubaguzi, na mara nyingine ndivyo ilivyo. Tukimsahau sisi, tunasoma orodha zilizoandikwa na wengine na kuziita maoni yetu.

Kwa wanaonuia kufuatilia majira yajayo ya kuchipua, mbio ngumu kuliko zote kutabiri ni za kwanza, Milano–San Remo. Urefu wake unakaribia kilomita 300, na kwa saa sita hakuna linalotokea. Kisha vinakuja vilima viwili kando ya bahari, Cipressa na Poggio. Poggio una chini ya kilomita 4, mwinamo wake si mkali, na kutoka kileleni hadi mstarini hazifiki kilomita 6. Kilima hicho ni kigumu kiasi cha kumchosha mkimbiaji mzito wa mbio fupi, lakini si kigumu kiasi cha kumwondoa. Kwa hiyo wote wana matumaini, mzito na mwepesi, jasiri na mdandiaji. Mwaka 2023 alishinda van der Poel kwa kuondoka peke yake karibu na kilele. Mwaka 2024 alishinda Jasper Philipsen, mkimbiaji wa mbio fupi, kwa kuvumilia. Mwaka 2025 alishinda van der Poel tena, safari hii katika kundi la watu watatu, mbele ya Filippo Ganna na Pogačar. Miaka mitatu, njia ileile, ushindi wa aina tatu. Hadi mwisho wa mwaka 2025 Pogačar alikuwa hajashinda mbio hizi hata mara moja, ingawa kila mwaka chumba chetu kinasema “atashinda”. Mimi nimeandika majina sita kwenye karatasi, la kwanza ni la van der Poel, la pili la Pogačar, na pembeni mwa yote nimeandika huenda.